Je, wajua akili mnemba husaidiaje kuchagua mionzi ya kutibu saratani?

Nilipoelezwa kwa mara ya kwanza kwamba programu ya akili mnemba inaweza kumsaidia daktari kuchagua kati ya aina mbili za mionzi, nilidhani programu hiyo imechunguza maelfu ya wagonjwa, ikajua nani alipona na nani hakupona, na sasa inatoa hukumu kama mganga mzee asiyesahau kitu. Niliwaeleza hivyo na wenzangu, tena kwa kujiamini. Ukweli ni wa ajabu zaidi: programu nyingi za aina hii hazikuambiwa lolote kuhusu nani alipona.

Chaguo linalozungumzwa sana ni kati ya eksirei na protoni. Eksirei hupenya mwili na kutokea upande wa pili, zikiacha dozi njia nzima. Protoni, chembe ndogo zenye chaji ambazo mwanafizikia Robert Wilson alipendekeza mwaka 1946 zitumike katika tiba, humwaga sehemu kubwa ya nguvu zake karibu na mahali zinaposimama, na ng'ambo ya hapo hakuna kinachofika cha kutajika. Mtu angedhani basi kwamba protoni hushinda daima. La, mitambo yake ni ya gharama kubwa mno, Uganda haina hata mmoja, na kwa wagonjwa wengi tofauti ni ndogo. Kumjua yule ambaye tofauti yake ni kubwa kulihitaji wataalamu watengeneze mipango miwili kamili ya mionzi kwa mgonjwa mmoja, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa, kisha mmoja utupwe.

Mfikirie fundi cherehani wa soko la Owino, Kampala, aliyeshona nguo kwa miaka mingi. Mteja anamuuliza kama kitambaa alichonacho kinafaa gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, au suti ya sketi. Fundi hakati nguo mbili ili ajibu. Anatazama mabega, urefu na kiuno, kisha anasema kila nguo ingekula kitambaa kiasi gani na ingebana wapi. Hakuwahi kumshonea mteja huyu. Amewashonea wengi wenye maumbo yanayokaribiana na lake.

Programu hufanya vivyo hivyo. Hufunzwa kwa picha za CT, zinazoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, ambazo uvimbe na viungo vya jirani vimechorewa mipaka, pamoja na mipango ya mionzi ambayo wataalamu walikwisha kuitengeneza kwa wagonjwa hao. Ikipewa picha ya mgonjwa mpya, huugawa mwili wake katika vipande vidogo sana na kukisia kila kipande kingepata dozi gani, mara moja kwa eksirei na mara moja kwa protoni, kwa muda mfupi tu. Hapo ndipo kosa langu lilipolala. Fundi anajua gomesi zilivyokatwa, lakini harusini hakualikwa. Hajui nani alipendeza. Programu nayo imejifunza desturi za waliopanga mionzi, wala si matokeo yake, na kama walizoea kuziacha tezi za mate zipate dozi kubwa kuliko ilivyolazimu, itatabiri hivyo hivyo, kwa usahihi wa kusifika.

Kutoka kwenye dozi hadi kwenye madhara hutumika kanuni nyingine, nyingi zikiwa za takwimu za kawaida. Mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo mara nyingi hupewa grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) katika vikao 35. Tezi zake za mate zikipata kwa wastani chini ya grei 25 hivi, uwezekano wa kinywa kukauka kabisa hupungua sana. Nchini Uholanzi, kwa dhara la kiwango cha kati kama hilo, protoni huhalalishwa iwapo zinatarajiwa kupunguza uwezekano wake kwa angalau pointi 10 za asilimia.

Hatua hii ya pili ndiyo dhaifu zaidi. Kanuni nyingi zilitokana na wagonjwa waliotibiwa kwa eksirei, hasa Ulaya na Marekani, na kwa kawaida protoni huhesabiwa kuwa na nguvu mara 1.1 ya eksirei kila mahali mwilini, ingawa inajulikana kwamba mwishoni mwa safari yake nguvu hiyo huzidi.

Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, iliharibikiwa na mashine yake ya kobalti, inayotibu kwa mionzi ya madini hayo, mwaka 2016, ikazindua nyingine mwaka 2018, na baadaye zikaongezwa mashine za linaki, zinazotengeneza eksirei kwa umeme. Kwenye linaki pia kuna chaguo, kati ya miale ya pembe chache na miale inayobadilishwa nguvu ili iukwepe uti wa mgongo au kibofu, na ubashiri uleule unaweza kuonyesha nani hasa anahitaji mpango huo wa pili unaokula muda. Tahadhari moja ni ya lazima: wagonjwa wengi nchini hufika uvimbe ukiwa umekua sana, na programu iliyofunzwa kwa uvimbe mdogo hubaki kama fundi wa nguo za watoto aliyeletewa mtu mzima.

Wala zile pointi 10 hazikutoka kwenye mashine. Ni watu walioketi wakakubaliana. Mgonjwa wa Gulu atakayepelekwa nje ya nchi kwa vikao 35, yaani wiki saba ikiwa ni vikao vitano kwa wiki, atahesabiwa dozi ya kila tezi. Nauli, malazi na mtu wa kubaki na watoto havimo katika picha ya CT, na hesabu hiyo hufanywa na daktari pamoja na familia ya mgonjwa, kwa kalamu.