Homoni na Ukubwa wa Matiti: Maswali Yanayoulizwa kwa Sauti ya Chini

Swali la matiti mara nyingi huja mwishoni. Mwanamke amekwisha kupimwa shinikizo la damu, amekwisha kuandikiwa vidonge, tayari ameshika kitasa cha mlango, ndipo anapogeuka na kuuliza kama dawa hizo zitamkuza matiti au zitayalegeza. Kwa kuwa limeahirishwa hadi dakika ya mwisho, hujibiwa kwa haraka, naye huondoka akiendelea kuamini yale aliyoyasikia kwa wenzake. Majibu yafuatayo ni kama kumwomba arudi akae kitini.

Homoni hufanya nini ndani ya titi?

Titi lina tezi za maziwa, mirija inayopeleka maziwa kwenye chuchu, mafuta, na nyuzi zinazoshikilia vyote hivyo pamoja. Halina msuli wake lenyewe, bali limekaa juu ya msuli wa kifua. Msichana anapobalehe, ambapo matiti kwa kawaida huanza kuchipua kati ya umri wa miaka 8 na 13, estrojeni hurefusha mirija na kufanya mafuta yajikusanye kuizunguka, kisha projesteroni hushiriki katika kuzikomaza tezi. Mtu mzima anapoanza dawa za homoni, ujenzi huo umekwisha kufanyika, na kwa hiyo dawa hugusa zaidi vitu vinavyoweza kuongezeka na kupungua, yaani maji yaliyo kwenye tishu, damu inayopita humo, na mafuta. Ukubwa wenyewe hutegemea sana urithi na uzito wa mwili. Mwanamke mwenye matiti madogo anayepata hedhi kwa utaratibu hana upungufu wa homoni, na ninalisema hili mapema kwa sababu wengi wamebeba dhana hiyo tangu usichanani.

Nimeanza vidonge vya kupanga uzazi na sidiria inabana. Je, matiti yamekua?

Huenda yamejaa, jambo ambalo ni tofauti na kukua. Vidonge vyenye estrojeni na projestini, yaani homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni, huweza kuufanya mwili uhifadhi maji zaidi, na matiti yakawa mazito na yakauma yanapoguswa, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo, kwa wanawake wengi hali hiyo hupungua yenyewe. Imani kwamba vidonge hukuza matiti ina mizizi ya zamani, na haikutoka hewani. Enovid, kidonge cha kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ajili ya kuzuia mimba mwaka 1960, kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni, ilhali vidonge vingi vya leo vina kati ya mikrogramu 20 na 35, na hata tukizingatia kwamba aina ya estrojeni ilikuwa nyingine, tofauti hiyo ni kubwa. Aliyetumia vidonge vya miaka ile na anayetumia vya sasa hawazungumzii dawa yenye nguvu ileile.

Ukitaka kujua kwa hakika, usipime kwa sidiria, kwa kuwa sidiria hulegea kwa kufuliwa na hubana siku ambazo mwili umejaa maji. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua chini kabisa ya matiti, kisha pima tena tepu ikipita juu ya chuchu, uandike tarehe pamoja na vipimo vyote viwili. Fanya hivyo kila mwezi katika siku zilezile, na siku zinazofaa zaidi ni zile zinazofuata baada ya damu kukatika, kwa maana hata mwanamke asiyetumia dawa yoyote huweza kuona matiti yakivimba katika wiki moja au mbili kabla ya hedhi. Iwapo vipimo vyote viwili vimeongezeka kwa kiasi kilekile, kilichoongezeka zaidi ni mwili mzima, na mazungumzo yanayofaa ni kuhusu uzito. Iwapo cha juu pekee kimepanda kisha kikashuka baada ya wiki chache, hayo yalikuwa maji.

Vipi kuhusu sindano, vipandikizi na kitanzi chenye homoni?

Njia hizi hutumia projestini bila estrojeni. Matiti kuuma ni malalamiko yanayosikika kwa watumiaji wa njia zote tatu, lakini mabadiliko ya ukubwa yanayodumu huja zaidi kwa njia ya uzito, na sindano ya kila miezi mitatu ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuwaongezea baadhi ya wanawake kilo. Kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote, hivyo hakihusiki.

Nikiacha, yatarudi yalivyokuwa?

Ujazo uliotokana na maji hupungua ndani ya wiki au miezi michache. Mafuta yaliyoongezeka pamoja na uzito hayaondoki kwa sababu tu dawa imeachwa. Kuhusu kulegea, visababishi vikubwa ni umri, ujauzito, uvutaji wa sigara, na uzito unaopanda na kushuka mara kwa mara.

Naweza kuomba homoni kwa lengo la kukuza matiti tu?

Jibu langu ni hapana, na silitoi kwa kudharau hamu hiyo. Estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa, na vidonge vyenye homoni hiyo havishauriwi kwa mwanamke aliyefikisha miaka 35 anayevuta sigara, kwa aliyewahi kupata damu iliyoganda, wala kwa mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mimuliko machoni. Kuibeba hatari hiyo ili kupata ujazo unaoweza kutoweka baada ya miezi michache ni biashara ya hasara. Krimu na vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kukuza matiti ni vibaya zaidi, kwa sababu havina ushahidi wa kuaminika na mnunuzi mara nyingi hana njia ya kujua kilichomo ndani ya kopo.

Hali ni tofauti kabisa kwa msichana ambaye ovari zake hazifanyi kazi, kwa mfano mwenye hali iitwayo Turner. Huyo hupewa estrojeni kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu, ndipo projestini huongezwa, ili matiti yakue kwa mpangilio unaofanana na balehe ya kawaida.

Nimefika ukomo wa hedhi na nimeandikiwa homoni. Nitarajie nini?

Baada ya hedhi kukoma, tezi husinyaa na nafasi yake huchukuliwa na mafuta, ndiyo maana titi huwa laini zaidi na hushuka. Homoni za tiba huweza kurudisha hisia ya kujaa na maumivu kidogo, lakini hazirudishi umbo la ujana. Lililo zito zaidi ni usalama. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisitisha mwaka 2002 sehemu yake iliyohusu estrojeni pamoja na projestini, ambapo kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, saratani ya matiti iliwapata 38 kati ya waliomeza homoni na 30 kati ya waliomeza kidonge kisicho na dawa. Ongezeko hilo lipo na ni dogo, na mwanamke anayekosa usingizi kwa joto la ghafla la mwili ana haki ya kuelezwa namba hizo ili apime mwenyewe pamoja na daktari wake. Mchanganyiko huo pia huweza kufanya tishu za titi zionekane nzito katika mammografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, hivyo mweleze mpiga picha kwamba unautumia.

Natumia dawa ya kuzuia homoni baada ya saratani, nami siutambui mwili wangu.

Tamoksifeni na dawa za kundi la vizuia aromatesi, yaani zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni, ambazo mara nyingi hutumiwa kwa miaka 5 hadi 10, huleta joto la ghafla na ukavu wa uke, na baadhi huumiza viungo. Zaidi ya hayo, titi lililopigwa mionzi linaweza kuwa gumu na dogo, na uzito ukiongezeka, kama unavyoongezeka kwa wengi baada ya matibabu, titi la upande wa pili hukua huku lililopigwa mionzi likibaki vilevile, hivyo tofauti ikazidi kuonekana kadiri miaka inavyokwenda. Mwanamke huanza kuvaa nguo pana na kubadilisha nguo taa ikiwa imezimwa. Mara nyingi huambiwa ashukuru kwamba yu hai, nami naiona kauli hiyo kuwa ya kikatili hata inaposemwa kwa upendo, kwa sababu humfunga mdomo. Zipo pedi za kujazia sidiria, upo upasuaji wa kusawazisha, wapo washauri nasaha, na dawa yenyewe inaweza kubadilishwa. Usiiache kimyakimya, kwa kuwa ndiyo inayopunguza uwezekano wa saratani kurudi.

Je, ni vibaya kumweleza daktari kwamba siyapendi matiti yangu?

Si vibaya hata kidogo. Lisemwe mwanzoni, ukiwa bado umeketi, pamoja na namna linavyokugusa: kama unakwepa kioo, kama unakwepa kuguswa na mwenzi wako, kama umeacha kuogelea. Maelezo ya aina hiyo humsaidia mhudumu kuamua kama kinachohitajika ni kubadilisha dozi, kubadilisha njia, au kukupa mtu wa kuzungumza naye kwa vikao kadhaa.

Ni lini nisisubiri?

Homoni kwa kawaida hugusa matiti yote mawili. Titi moja likivimba peke yake, ukigusa uvimbe ndani yake au kwapani, chuchu ikiingia ndani ilhali awali ilikuwa nje, ngozi ikibonyea au ikawa na vitundu kama ganda la chungwa, au chuchu ikitoa damu, nenda ukapimwe bila kungoja mwezi mwingine. Maziwa yakitoka nawe hunyonyeshi, nenda pia, ukiwa na majina ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za kuzuia kutapika na za akili, kwa sababu baadhi yake hupandisha prolaktini, homoni inayochochea maziwa. Na ikiwa unatumia estrojeni, mguu mmoja ukavimba na kuuma, au kifua kikabana na pumzi kukatika, hilo ni la kwenda hospitali saa ileile.