Nani kawaambia themostati ni ya nchi za baridi?

Jumamosi limeingia gari la tatu ndani ya wiki mbili, limevutwa kwa kamba kutoka Kimara. Toyota Harrier, ile ya injini iitwayo 2AZ. Mwenyewe, dada mmoja mstaarabu sana, ananieleza huku nikilegeza hozi ya juu: "Lakini fundi, hii haikutakiwa kuchemsha. Themostati ilishatolewa mwaka jana." Themostati ni kile kimlango kinachozuia maji ya injini yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka yapate moto wa kutosha. Anavyoitamka hiyo "ilishatolewa", utadhani ananiambia mtoto alishapata chanjo zote.

Kaitoa nani? Fundi wa mtaani kwao. Kwa nini? "Alisema hicho kidude Wajapani wamekiweka kwa ajili ya baridi yao. Dar na joto lote hili, cha nini?"

Nimelisikia hili kwa madereva wa daladala, kwa wahasibu, kwa mwalimu wa fizikia (huyo alinihuzunisha), na zaidi ya wote kwa mafundi wenzangu. Leo naliandika kwa sababu koo limechoka.

Mchana wa Februari hapa Dar hewa inafika nyuzijoto 32 au 33. Maji ndani ya injini yanatakiwa yakae kwenye 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Themostati nyingi za Toyota zimegongwa namba 82 kwenye bati lake. Hapo ndipo nta iliyomo ndani inapoanza kuyeyuka na kusukuma mlango ufunguke. Piga hesabu mwenyewe: kutoka 33 mpaka 82 bado ni safari ndefu. Kwa injini, Dar na Makete zote ni baridi. Ya Makete itachelewa dakika chache zaidi kupata moto asubuhi, basi.

Ukiitoa, halafu ukashika barabara ya Bagamoyo saa nne usiku bila foleni, upepo unapiga rejeta na maji yanabaki vuguvugu. Kompyuta inasoma sensa, inaona injini haijapata moto, inaendelea kumwaga petroli kama ya alfajiri. Unaanza kulalamika gari linakunywa. Oili nayo haipati moto wa kufukuza unyevu, na chini ya mfuniko wake kunajengeka uji mweupe kama mayonezi. Anakuja fundi wa pili, anafungua mfuniko, anauona uji, anatangaza: "Gasketi ya hedi imekwenda." Hedi ni kichwa cha injini, na gasketi ni kizibo kati yake na bloku, yaani mwili wa injini chini yake. Nimewahi kuona hedi ikishushwa kwa ajili ya uji huo peke yake. Gasketi ilikuwa nzima kama ilivyotoka kiwandani.

Huo ni upande wa baridi. Linaloniudhi zaidi ni upande wa joto, kwa sababu watu wanaitoa ili gari lisichemshe, kumbe kwenye injini kadhaa ndiyo wanalichochea. Shika themostati ya aina hiyo uitazame: ina sahani mbili. Ile kubwa inafungua njia ya rejeta. Ile ndogo ya chini, kadiri kubwa inavyofunguka, inakwenda kuziba njia ya mkato, yaani ile inayozungusha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukikitoa kidude chote, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja. Maji ni mavivu kama sisi, yanafuata penye wepesi. Sehemu kubwa itazunguka humohumo na moto wake, rejeta inaambulia makombo. Foleni ya Ubungo, AC imewashwa, abiria wanne: hapo ndipo utaujua ujanja wa fundi wako.

Na nyinyi mnaoniunga mkono, ngojeni kidogo. Wapo wanaosema isitolewe kwa sababu bila hiyo maji "yanapita kwenye rejeta mbiombio, hayapati muda wa kupoa." Hiyo nayo si kweli. Maji ni yaleyale. Yakikaa kidogo kwenye rejeta kila mzunguko, yanarudi mara nyingi zaidi. Tena yakipita kwa kasi rejeta inakuwa ya moto toka juu hadi chini, na rejeta ya moto ndiyo inayoachia joto jingi kwenye hewa. Nikisikia mtu yuko upande wangu kwa hoja hiyo, natamani kuhama upande.

Mbona basi wengine wakiitoa gari linapona? Kwa sababu themostati nayo inakufa. Ikikwama imefungwa, gari litachemsha, na ukiitoa litatulia. Dawa ilikuwa kuweka mpya, lakini fundi anaondoka na imani kwamba kidude chenyewe ni adui. Au rejeta imeziba nusu, na ukitoa themostati maji yanapata nafasi kidogo zaidi ya kupita, unanunua miezi sita. Ugonjwa umebaki palepale, umefunikwa kanga.

Nami nimezitoa, nisijifanye malaika. Miaka yangu ya kwanza ya ufundi, mtaa wa Gerezani, mwalimu wangu alikuwa na kopo la rangi limejaa themostati, na nyingi nilizifungua mimi. Hata sasa, usiku, gari liko barabarani, themostati imekwama na maduka yamefungwa, naitoa mteja afike kwake, namwambia arudi kesho. Wengi hawarudi. Kuipima ni jambo la jikoni: sufuria ya maji, itumbukize, washa jiko, angalia kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Tumia sufuria yako mwenyewe. Mimi yangu ilinigharimu siku mbili za kutosemeshwa.

Rejeta zinaziba kwa nini? Maji ya visima. Nusu ya jiji hili tunachota maji ya chumvi, tunaoshea vyombo, na yanayobaki tunamimina kwenye gari. Hedi ni alumini, rejeta ni alumini. Chumvi inazila zote mbili na ukoko unabaki ndani ya vijia vyembamba. Weka kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Huna, weka maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri. Nasema ya kuongezea, si asidi! Usicheke, yalishatokea. Na mfuniko wa rejeta usiudharau: ule ulioandikwa 1.1, mpira wake ukiwa mzima, unabana presha na kufanya hata maji matupu yasichemke mpaka yapite nyuzijoto 120. Mpira ukichoka, yanachemka 100 kama ya chai. Watu wanabadilisha pampu ya maji, feni, rejeta, na mfuniko wa bei ya sahani ya chipsi wanauacha.

Sasa limekuchemkia njiani. Zima AC, washa hita mpaka mwisho, fungua vioo. Ndiyo, hita, na ndiyo, utatoka jasho. Ile hita ni rejeta ndogo ya pili. Tatizo ni kwamba magari mengi hapa mjini hita zake zilishavuja na mafundi wakaunganisha hozi zipitilize, kwa sababu "Dar hita ya nini?" Mnauona ukoo wa maneno haya? Mshale wa joto usiposhuka haraka, egesha, zima, kaa mbali na ule mfuniko nusu saa au zaidi. Na wale vijana wanaokuja mbio na ndoo kumwagia injini maji ya baridi, wape pesa ya soda wasimwage.

Kinachoua injini nyingi ni mshale unaoshuka wenyewe. Ulikuwa juu, ghafla umerudi, dereva anasema alhamdulillah na kukanyaga. Maji yameisha. Sensa inategemea kuzamishwa kwenye maji. Ikibaki kwenye hewa inasoma uongo. Kwa wenye Vitz ambazo hazina mshale, zina taa ya bluu na nyekundu, nyekundu si ombi. Kutoka taa kuwaka hadi Mbezi Mwisho ni mbali sana, hata kama nyumbani kunaonekana.

Baada ya hapo ndipo maamuzi, na hapa sina ubingwa wa kujidai. Dalili nyingine ziko wazi: injini imelala usiku kucha, unaiwasha, na ndani ya dakika moja hozi ya juu imekakamaa kama jiwe. Huo ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji, hedi ishuke. Mapovu yasiyokatika kwenye rejeta, moshi mweupe wa mtamutamu, silinda mbili jirani zimepoteza kompresheni, yaani mgandamizo wake: ishuke. Ikishuka, weka rula ya chuma na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota, hedi ikipinda zaidi ya milimita 0.05 imevuka kiwango. Inapelekwa mashine kuskimiwa, yaani kukwanguliwa uso wake unyooke, na kabla ya kuskimiwa ipimwe nyufa kwa presha, maana kuskimu hedi yenye ufa ni kumnyoa maiti.

Nisichoweza kukuambia ni gasketi ilikufa kwa sababu gari lilichemsha, au gari lilichemsha kwa sababu gasketi ilikufa. Mara nyingi vyote vimeungua pamoja. Wala siwezi kuziona ringi za pistoni, zinazozuia oili isipande, zikiwa zimelegea kwa moto. Nimeshafunga hedi safi kabisa, gari likatoka gereji likiimba, na baada ya mwezi likaanza kula oili. Mteja aliniona mwizi. Pengine ningemshauri injini nyingine tangu mwanzo. Pengine ningekuwa nimemla hela bure. Siku hizi nauliza kwanza: liliendeshwa muda gani baada ya mshale kupanda? Jibu likiwa "kidogo tu", naongeza mara tatu. Likizidi dakika kumi, naanza kuzungumzia injini ya mtumba, nayo ni bahati nasibu ya aina yake, hasa ile iliyooshwa ikang'aa dukani.

Turudi kwa Harrier. Hedi imeshuka, na bolti tatu za nyuma zimetoka na thredi za bloku, yaani meno ya tundu yanayoishika bolti. Ni ugonjwa unaojulikana wa 2AZ za mwanzo. Bloku ni alumini na thredi zake zilikuwa fupi, baadaye Toyota wakazirefusha. Kwa hiyo sina haki ya kumbebesha fundi wa mtaani lawama zote. Huenda bolti zingeachia hata themostati ingekuwepo. Huenda yale maji yaliyozunguka humohumo mwaka mzima ndiyo yaliyozimalizia. Nimempa dada njia mbili: tupanue matundu tuweke thredi za chuma, kazi ya siku kadhaa isiyotaka haraka, au atafute injini. Akauliza, "Na themostati, fundi, lazima?"

Nikamwambia hiyo nitanunua kwa hela yangu. Gari liko chini ya mwembe, jibu ni Jumatatu.