Thamani ya uhusiano wa umma kwa taasisi

Uhusiano wa umma ni kazi ya kujenga na kulinda maelewano kati ya taasisi na watu wote wenye maslahi nayo: wateja, wafanyakazi, wawekezaji, majirani wa kiwanda, serikali na vyombo vya habari. Wengi huuchanganya na utangazaji wa biashara. Tangazo hulipiwa, na anayelipa ndiye anayeamua liseme nini. Habari iliyoandikwa na mwandishi hailipiwi wala haiamuliwi na taasisi inayotajwa, na kwa sababu hiyohiyo wasomaji huiamini zaidi.

Nusu ya kazi hii, tena nusu isiyoonekana, ni kusikiliza. Ofisa uhusiano anayeijua kazi yake husoma malalamiko ya wateja, hufuatilia yanayosemwa mitandaoni, kisha huyafikisha kwa menejimenti kabla uamuzi haujapitishwa. Akiitwa baada ya uamuzi, aandike tu taarifa kwa vyombo vya habari, taasisi inamlipa mshauri lakini inamtumia kama karani.

Mfano unaotajwa sana, na kwa haki, ni wa Marekani mwaka 1982, pale watu 7 wa eneo la Chicago walipofariki dunia baada ya kumeza kapsuli za kutuliza maumivu za Tylenol zilizotiwa sianidi na mtu ambaye hadi leo hajajulikana. Sumu hiyo haikutoka kiwandani, na mawakili wa watengenezaji wa dawa hiyo wangeweza kuishia kwenye hoja hiyo. Hata hivyo, kampuni ya Johnson & Johnson iliutahadharisha umma usitumie dawa hiyo, ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31 kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100, ikafungua laini ya simu ya bure kwa wenye maswali, kisha ikairudisha dawa sokoni ikiwa na vifungashio vinavyoonesha wazi kama vimeguswa. Mauzo yaliyokuwa yameporomoka yalirejea kwa kiasi kikubwa katika muda wa mwaka mmoja hivi. Maneno matupu yasingefanya hivyo. Kilichosemwa kiliaminika kwa sababu chupa zilikuwa zimeondolewa kweli. Kinyume chake, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta katika pwani ya Alaska mwaka 1989, mkuu wa kampuni ya mafuta ya Exxon alichelewa kwa wiki kadhaa kufika huko, na lawama za kuchelewa huko ziliiandama kampuni kwa miaka mingi.

Thamani ya kazi hii hupimwaje? Hapa ndipo penye ubishi. Kwa muda mrefu taasisi zilipima ukubwa wa habari gazetini na kuukadiria kwa bei ya tangazo la ukubwa huohuo, hesabu ambayo hata habari ya kashfa huionesha kuwa faida. Wataalamu wa upimaji waliokutana Barcelona mwaka 2010 waliukataa utaratibu huo, wakataka yapimwe matokeo: je, watu wameelewa, wamebadili msimamo, wamechukua hatua? Ugumu unaobaki ni kwamba sehemu kubwa ya faida imo katika mambo ambayo hayakutokea, kama vile mgomo ulioepukwa kwa sababu wafanyakazi walielezwa mapema, na mhasibu hana safu ya kuuandika mgomo usiotokea.