Mtama ukikauka, si kwamba imani yako imepungua
Mwezi wa pili, Chamwino, mkoani Dodoma. Mtama umefika magotini, majani yamejikunja, na mama mmoja ananiuliza kwa sauti ya chini: "Au nimemkosea Mungu?" Ameambiwa kwamba mwenye imani ya kweli hakaukiwi na shamba wala hauguliwi na mtoto.

Hapana, mama. Dodoma ni nchi kame. Msimu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mara nyingi mvua hukatika katikati. Jua hilo linamchoma mlokole na mlevi sawasawa.

Biblia yenyewe inaikataa hesabu hiyo. Wanafunzi walipomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9). Rafiki zake Ayubu, waliong'ang'ania kwamba anaadhibiwa, ndio Mungu aliowakasirikia. Na Zaburi ya 88, ambayo mimi huisoma sana msibani, inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila jibu. Nayo ni sala.

Mama huyu hana cha kutubu juu ya mtama wake. Alilia, tukaomba, kisha akaokota jembe lake akarudi kwenye palizi.