Usiulize "grafiki GB ngapi": yaliyomo ndani ya CPU za maofisini zinazouzwa mtumba

Suali tunaloulizwa sana pale maabara yetu ya kompyuta, mtu kaja mwenyewe ama katuma picha WhatsApp, ni hili: "Mwalimu, nimeona CPU ya Dell sokoni Darajani, muuzaji kasema ina grafiki GB 2, niichukue?" Hapo CPU maana yake lile sanduku zima, sie sote tunaliita hivyo na mie siwezi kugombana na watu kwa hilo. Lakini hiyo GB 2 ntaigombania.

Yule muuzaji hasemi uongo, kafungua Windows akaona imeandikwa hivyo, ila zile GB si za grafiki. Kompyuta hizi za ofisini, mfano Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 au HP Compaq 8200 Elite iliyoitangulia, kwa kawaida hazina kadi ya grafiki kabisa, picha inachorwa na kipande kilichomo ndani ya prosesa yenyewe, ile chipu inayofanya hesabu zote, na kipande hicho hakina memori yake, kinaazima kwenye ram ile ile unayoitumia kwa Word na Chrome. Kwa hiyo ile namba inakwambia ruhusa ya kuazima inaishia wapi tu, nguvu haikwambii.

Nguvu iangalie kwenye jina la prosesa. Core i5-3470 ina grafiki ya Intel HD 2500 yenye vitengo 6 vya kuchorea, Core i7-3770 ya mwaka huo huo 2012 ina HD 4000 yenye vitengo 16. Sanduku lile lile, rangi ile ile, stika nje imeandikwa 7010 zote mbili, na Windows itakuonesha GB zinazokaribiana. Rudi nyuma kizazi kimoja, i5-2400, unapata HD 2000 ambayo inaishia DirectX 10.1 (DirectX ni lugha ambayo programu za Windows zinazungumza na grafiki), basi programu inayodai 11 hapo hata kufunguka haifunguki. Njoo mbele, i5-4570 ya 2013 ina HD 4600 yenye vitengo 20. Na ziko prosesa zenye herufi P mwishoni kama i5-3350P, hizo hazina grafiki kabisa, ukiinunua bila kadi utatizama kioo cheusi mpaka asubuhi.

Sasa jambo ambalo watu hawalijui na ndio la bei ndogo kuliko yote. Kwa vile grafiki inaazima ram, kasi yake inakwenda na kasi ya ram, na ram ya DDR3-1600 kijiti kimoja kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde, ukitia viwili kwenye slotu sahihi zinafunguka njia mbili zinakuwa 25.6. Yaani GB 8 ya vijiti viwili vya nne nne kwa grafiki ni bora kuliko kijiti kimoja cha nane, na masanduku mengi ya mtumba yanakuja na kijiti kimoja kwa sababu chengine kishatolewa kikauzwa mbali. Mara nyingi mtu anakuja kulalamika video inakatakata, tunatia kijiti cha pili, anaondoka.

Haya, wa kutia kadi. Kijana anahariri video za harusi, anataka kadi na haki yake, lakini kwanza apime sanduku. 7010 ile nyembamba inataka kadi fupi yenye bati fupi la kuifungia nyuma ya sanduku, na pawasaplai yake, kile kisanduku cha kugawa umeme, ni ya wati 240 isiyokuwa na waya wa ziada wa kulishia kadi, kwa hiyo kadi itakula umeme kutoka kwenye slotu inayochomekwa tu. Slotu kikawaida mwisho wati 75, na kwenye masanduku membamba mtengenezaji anaweza kuwa kaweka kikomo cha chini zaidi, itafuteni karatasi ya modeli yenu msibahatishe. Ndio maana watu wengi wanaishia kwenye GT 1030 ya Nvidia, inakula wati 30 na inapatikana fupi.

Na hapo tena ile GB inarudi kutudanganya! GT 1030 ziko mbili, zote GB 2, zote jina moja, moja ina memori ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde na nyengine ina DDR4 inayopitisha kama 17 hivi, ambayo ni chini ya zile njia mbili za ram tulizosema hapo juu. Soma boksi, kama boksi hamna usinunue kwa maneno.

Kijana wetu wa harusi nampa na hili la pili, GT 1030 haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili, wakati wa kutoa kazi iliyokwisha haitakusaidia, na ile grafiki ndogo ya Intel aliyoidharau ndiyo inayo, inaitwa Quick Sync. Ukichomeka kadi, mashine nyingi zinaizima ya Intel zenyewe, kwa hiyo umelipa pesa na kazi imezidi kuchelewa. Kwenye BIOS (ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) za baadhi ya modeli kuna pahala pa kuziwacha zote mbili ziwake, tafuta hapo kwanza. YouTube ni habari nyengine, kule GT 1030 inasaidia kweli maana inafungua VP9, aina ya video inayotumiwa na YouTube, ambayo prosesa hizi za zamani zinaifungua kwa mabavu, feni inalia kama inataka kuruka.

Ukishatia kadi, waya wa kioo uhamishie kwenye kadi. Nacheka lakini na mie yashanikuta, nusu saa nzima nahangaika na ram kumbe waya uko kwenye tundu la zamani.

Tundu zenyewe ni VGA moja na DisplayPort mbili kwa 7010, HDMI haina. DisplayPort inafanana na HDMI ila kona moja tu ndiyo iliyokatwa, msiilazimishe. Mnunue adapta ya DisplayPort kwenda HDMI, na zile za bei rahisi zinapitisha upande mmoja tu, ukigeuza hazifanyi kazi. Skuli zenye projekta ya VGA hazina tabu. Windows 11 kwa mashine hizi haikubali rasmi, kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 matengenezo ya kawaida yalisita tarehe 14 Oktoba 2025, wa Linux, mfumo mwengine badala ya Windows, karibuni maabara.

Kabla ya yote hayo lakini, geuza sanduku utizame nyuma karibu na pahala pa waya wa umeme. Baadhi ya mashine kongwe zaidi zilizotoka Marekani zina swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115, na umeme wetu ni 230. Isukume kwa bisibisi mpaka isomeke 230 ndio uchomeke.