Kuvaa kofia ya chuma si kuingia jeshini

Hapa Lubumbashi, wanafunzi wakitazama video za maonyesho ya jeshi la Marekani hawakosi kuambizana: ukiandika jina pale, basi, umekuwa soda, yaani askari. Sivyo. Mwaka 2008 jeshi hilo lilifungua ukumbi katika jengo la maduka huko Philadelphia. Vijana waliketi ndani ya helikopta ya kuigiza, wakalenga shabaha kwenye skrini, wakarudi nyumbani. Ukumbi huo ulifungwa 2010.

Ukiacha namba ya simu, mwandikishaji atakupigia (hapo wazazi wana haki ya kunung'unika). Lakini uaskari unataka vipimo vya afya, mkataba na kiapo; mwenye miaka 17 lazima apate idhini ya wazazi.

Hofu naielewa. Aprili 1997 kadogo, yaani askari watoto, waliingia mjini humu na waasi wa AFDL, watoto kabisa. Tangu 2009, sheria yetu inakataza kuandikisha aliye chini ya miaka 18.