Wasifu wa Pili Kwenye Simu: Namna ya Kuinyima Programu ya Mkopo Majina ya Watu Wako

Mtu anapoweka programu ya mkopo kwenye simu yake, ruhusa anayoombwa aitoe haimhusu yeye peke yake. Orodha ya majina iliyomo ndani ya simu ni ya mama mkwe, mwajiri, mwalimu wa mtoto na jirani, watu ambao hawakukopa chochote wala hawakuulizwa. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza Mulla Pride, kampuni ya programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine ili kutuma ujumbe na kupiga simu za vitisho. Mwaka huohuo, kuanzia tarehe 31 Mei, Google ilizipiga marufuku programu za mikopo binafsi zilizomo kwenye duka lake la programu, Play Store, kusoma majina na picha za mtumiaji. Hatua hiyo ilikuwa njema, ila haizigusi programu zinazosambazwa kwa viungo vya WhatsApp na kuwekwa kwenye simu bila kupitia dukani.

Kazi yangu ni usalama wa simu, na ushauri ambao watu huupata kwanza ni kukataa ruhusa. Ni ushauri sahihi, lakini humwacha mwenye shida pabaya, kwa sababu programu nyingi za aina hii ukizinyima majina hukataa kuendelea, na mtu anayehitaji ada ya shule kesho asubuhi ataishia kubonyeza "Ruhusu". Kwa hiyo napendelea njia nyingine, nayo ni kuipa programu hiyo wasifu wake wenyewe, yaani sehemu ya simu iliyotengwa kana kwamba ni ya mtumiaji mwingine, ambamo hata ikiruhusiwa kusoma majina haitakuta jina lolote. Mgeni tusiyemjua tumezoea kumkaribisha barazani, na akikaa hapo hana sababu ya kuona kilichomo chumbani.

Uwezo huu umo ndani ya Android yenyewe. Ulianza kwenye tableti mwaka 2012 kwa toleo la 4.2, ukafika kwenye simu mwaka 2014 kwa toleo la 5.0. Mfumo humpa kila mtumiaji namba yake, mmiliki akiwa 0 na anayefuata kwa kawaida 10, na programu moja ikitumiwa na watumiaji wawili huhesabiwa kuwa programu mbili zisizojuana, kila moja ikiwa na mafaili, akaunti na ruhusa zake. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016 kuna kinga kubwa zaidi: mafaili ya kila mtumiaji yanaweza kusimbwa, yaani kugeuzwa yasisomeke, kwa funguo zake pekee, zinazolindwa na PIN au nenosiri lake, hivyo hata mmiliki wa simu anaweza kuufuta wasifu wa mwingine lakini hawezi kusoma kilichomo.

Kwenye simu yenye uwezo huu, nenda Mipangilio, kisha Mfumo, kisha sehemu ya watumiaji, uongeze mtumiaji mpya na kumwekea PIN tofauti na yako. Watengenezaji wengine wameuondoa uwezo huu kwenye simu zao na kuweka wa kwao: Samsung wana Secure Folder, Xiaomi wana Second Space. Android 15 ya mwaka 2024 nayo imeleta Private Space, sehemu ya faragha yenye kufuli lake. Kwenye iPhone hakuna wasifu wa pili, lakini iOS 18 inakuwezesha kuichagulia programu majina machache badala ya kuipa orodha nzima, na kwa tatizo hili la majina hilo ni suluhisho zuri.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni la mtu kuunda wasifu wa pili kwa uangalifu, kisha akaingia humo kwa akaunti yake ileile ya Google. Baada ya muda mfupi majina yote yanakuwa yameshuka kutoka kwenye akaunti hiyo, na utengano aliouhangaikia unakuwa umekwisha. Fungua akaunti mpya kwa ajili ya wasifu huo, au usiweke yoyote. Kisha, kabla ya kuweka programu unayoitilia shaka, fungua orodha ya majina humo ndani uhakikishe kuwa ni tupu. Kwenye mipangilio ya mtumiaji huyu pia kuna swichi ya kumruhusu kupiga simu na kutumia SMS. Ukiiwasha, kumbukumbu za simu na SMS zinakuwa za pamoja, na humo ndimo zinamokaa taarifa zako za M-Pesa. Iache imezimwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuhama kutoka wasifu mmoja kwenda mwingine si kuufunga ule wa kwanza. Programu zake zinaweza kuendelea kufanya kazi kimyakimya, na funguo zake zinabaki kwenye kumbukumbu ya simu. Kuizima na kuiwasha simu huzifunga wasifu zote hadi PIN ya kila moja iingizwe. Mfumo wa GrapheneOS, unaotumika kwenye simu za Pixel, una kitufe cha kumaliza kipindi cha wasifu mmoja bila kuzima simu, na natamani kila mtengenezaji angeuiga.

Ukimwachia simu fundi, wasifu wa Mgeni, ule wa muda ulio katika sehemu hiyohiyo ya watumiaji, unatosha kwa kazi nyingi: atajaribu kioo, spika na kamera bila kuziona picha zako wala kujua PIN yako.

Hata hivyo, wasifu wa pili haufichi laini iliyosajiliwa kwa jina lako wala anwani ya intaneti unayotumia, na programu uliyoipa ruhusa ya mahali itajua ulipo. Ukiufuta, kila kilichokuwamo kwenye simu kinafutika, lakini kile ambacho kampuni imekwisha kukipakia kwenye seva zake kinabaki huko. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kudai kifutwe: iandikie kampuni kwanza, utunze nakala ya barua, na wasipotekeleza upeleke malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.